Kaa Kichwani mwa Baba

Baba yangu alikuwa na upara tangu nilipopata akili, na alikuwa akiuringia. Alisema nywele ni mzigo, na mtu anayependwa na Mungu hupunguziwa mizigo. Mama, alipokuwa hai, alimshonea kofia za uzi mweupe zenye vitobo vidogo vidogo, kofia moja ikimchukua miezi. Baba alizipenda kofia zile kupita kiasi. Akifika shambani kwetu Kirongwe anaivua, anaitundika kwenye kijiti ili asiitie jasho, kisha anakwenda kusimama kwenye uwanja wa mbata kutwa nzima, akigeuza nazi zilizopasuliwa zipate kukauka, na jua linampiga utosini. Babu yake alitoka Omani. Sisi wengine tulikwisha kuiva rangi ya hapa hapa, lakini yeye alibaki mweupe, na jua likimchoma anakuwa mwekundu mpaka shingoni.

Mama alikuwa akimgombeza. "Kofia nimekushonea wewe uvae, umeuvika mti. Mti una kichwa?"

Baba hakusikia. Mama akafa, kofia zikabaki kwenye kijiti chao, na kichwa kikaendelea kuungua.

Kidonda kilipoanza nilikuwa nimekwisha kuachika na kurudi kwa baba. Hicho si kisa cha kunisikitikia, maana mume mwenyewe hakuwa wa kuliliwa. Nilirudi na mikeka yangu, nikashika jiko, na baba akafurahi kupata mtu wa kubishana naye.

Aliyekiona kwanza ni kinyozi. Kinyozi wetu alikuwa mtoto wa shangazi yake baba, kwa hiyo mtani wake, nami nilimwita Ami. Mbali na kunyoa, alikuwa anapiga chuku, yaani anaumika watu kwa pembe ya ng'ombe na kuwatoa damu mbovu. Na chuku za mdomo alizipiga pia, nyingi kuliko za pembe. Kumnyoa baba ilikuwa kazi ya wembe kidogo na maneno mengi.

"Hapa utosini pana gamba," Ami alisema siku moja, akiwa ameuinua wembe.

"Wembe wako butu ndio ulionichuna," baba akajibu.

"Wembe wangu haujafika huko tangu nywele zako zihame. Niende kunyoa nini, mwangaza?"

Gamba lile likabanduka, likarudi, likabanduka tena na damu. Ami akaweka shabu, lile jiwe lao vinyozi la kukausha damu. Haikufaa, akaweka mrututu, ambao unachoma mpaka machozi yanamtoka mtu, na baba akamtukania ukoo wake wote, ambao ulikuwa ukoo wa baba mwenyewe. Haukufaa nao. Gamba likawa kidonda, kidonda kikawa donda lenye kingo ngumu zilizoinuka. Siku moja Ami alilitazama, akafunika wembe wake bila utani wowote, akaniita uani.

"Hili ni donda ndugu," akaniambia. "Likishaingia kwa mtu linakaa kama ndugu wa nyumbani, haliagi. Mimi nimefika mwisho wa ujuzi wangu, mwanangu."

Ami kukosa utani lilikuwa jambo la kutisha kuliko donda lenyewe. Nilirudi jikoni nikaunguza wali.

Baba alikuwa anasomesha chuo barazani kwetu. Aliwasomesha watoto Kurani, na waliokua kidogo aliwasomesha fikihi: namna ya kutawadha, namna ya kusali, kinachotangua udhu na kisichotangua. Mimi mwenyewe nilisomeshwa pale pale, nyuma ya pazia, kwa sababu baba alisema binti asiyejua twahara yake atawalisha watu uchafu. Sasa akawa anasomesha akiwa amezungusha kilemba juu ya kofia, kipande cha nguo juu ya kipande, kulificha donda. Lakini harufu haifichwi kwa kilemba. Siku moja nilichungulia nikaona watoto wote wamejikunyata mwisho wa mkeka, na kati yao na baba pana nafasi ya kulaza mtu. Nilitoka nikachukua fimbo yake mwenyewe ili niwasogeze.

"Waache," baba akasema, bila kuinua macho kwenye msahafu. "Huko walikokaa kuna upepo."

Nililia siku ile, na sikujificha. Nililia kwa huruma na kwa hasira pia, kwa sababu mtu yule angeweza kuvaa kofia.

Ikafika habari kwamba daktari wa Kidachi, yaani Mjerumani, ameteremka Chole, kwenye boma, kuwachanja watu ndui, na kwamba akiombwa anatazama magonjwa mengine pia. Angekaa mpaka meli irudi kumchukua. Baba hakutaka kwenda. Ami akamwambia kwamba kama haendi, yeye atatangaza msikitini kuwa mwalimu anaogopa sindano ya watoto. Kwa hiyo tukampandisha punda, tukatembea mpaka Utende, tukavuka kwa mtumbwi, tukafikia Chole kwa jamaa zetu waliotupa chumba.

Daktari alikuwa mtu mrefu wa makamo, ngozi ya pua ikimbanduka, na kofia yake pana hakuivua hata ndani ya nyumba. Pembeni yake alisimama mkalimani, mtu wa Mrima, ng'ambo ya bara, amevaa viatu na anataka kila mtu avione. Daktari alikifungua kilemba cha baba kwa vidole vyepesi kuliko nilivyotarajia. Akatazama, akabonyeza kingo, akapapasa shingo yote mpaka nyuma ya masikio. Kisha akasema maneno mengi sana kwa Kidachi, na mkalimani akayafupisha.

"Bwana Mganga anasema mzee ana kaa kichwani."

Tukatazamana. Ami akauliza, "Kaa wa pwani au kaa la moto?"

"Kaa," mkalimani akasema kwa ukali. "Kaa mwenye miguu. Kwao ugonjwa huu wanauita kaa."

Ami akaangua kicheko. Akasema amewanyoa watu maisha yake yote, chawa amewaona, mba ameziona, lakini kaa kupanda kichwani mwa mtu wa shamba, asiyependa hata kukanyaga tope la mikoko, hilo halijapata kutokea. Nami nikacheka. Tulikuwa na hofu, na mwenye hofu hucheka kwa kidogo. Baba peke yake hakucheka. Alisema neno moja tu, polepole, "Saratani."

Daktari akageuka akamtazama, akatikisa kichwa kukubali. Baba alikuwa na kitabu cha zamani cha utabibu, cha Kiarabu, na kwa Waarabu pia ugonjwa huo una jina la kaa. Alikuwa amesoma humo unavyoanza na unavyokwisha.

Ikatokea kwamba daktari mwenyewe anajua Kiswahili kidogo, chenye kukwaruza lakini cha kutosha, akaacha kumtumia mkalimani. Alituambia kwamba donda litatolewa lote, pamoja na ngozi nzima ya pembeni yake, mpaka kwenye mfupa, na mfupa wenyewe ukwanguliwe. Kisha atabandua ngozi nyembamba ya paja aitandaze pale. Bila kukatwa litakula mfupa mpaka liingie ndani, na hapo hakuna wa kulizuia. Alisema shingoni bado halijashuka, na kwa hiyo sasa ndio wakati wake.

"Utakuwa mtu wa mapaja matatu," Ami akamwambia baba, lakini kwa sauti ndogo.

Baba alikubali kisu. Alikubali kukwanguliwa mfupa. Alikubali hata paja, ingawa kuna mambo ya sitara hapo, kwa sababu dharura ina hukumu yake. Kisha daktari akamwonyesha chupa ndogo na kitambaa, akamweleza kwamba atanusishwa dawa alale, asisikie kitu.

"Usingizi sitaki," baba akasema. "Nikate nikiwa macho."

Daktari akadhani hakusikia vizuri, akarudia. Baba naye akarudia. Kisha akatoa sababu zake kama vile yuko barazani kwetu. Sisi ni Mashafii, akasema, na kwetu damu haitangui udhu, hata ikitoka ndoo nzima. Lakini kupotewa na akili kunautangua. Na mtu akifungwa kitambaa juu ya jeraha, sharti awe na udhu wakati wa kufungwa; kama hana, sala zote atakazosali na kitambaa hicho itambidi azirudie. Basi yeye atatawadha, atalala pale mezani akiwa macho, atakatwa, atafungwa akiwa na udhu wake, na sala zake zitabaki salama. Akilazwa kwa dawa, atafungwa hana udhu. Na yeye hajapata kuwa na deni la sala tangu abaleghe.

Daktari alisikiliza yote kwa uvumilivu, nampa haki yake. Kisha akasema kwamba mtu hawezi kukwanguliwa fuvu akiwa macho akatulia, awe Shafii awe nani. Atajitikisa, kisu kitateleza, na atakayeulizwa ni daktari. "Bila usingizi mimi sikati," akasema. Akanawa mikono. Akasema meli haiko mbali, tukibadili nia tumwambie mapema.

Ami alimsihi baba njia nzima ya kurudi chumbani. Lakini fikihi ya Ami ilikuwa inaishia kwenye kuoga, na kila alipotia mguu baba alimtelezesha kwa aya na kauli za wanazuoni. Nilikuwa nimejaa hasira hata nikaogopa kinywa changu. Niliona mtu anakwenda kufa kwa ajili ya kitambaa.

Adhuhuri ya siku ya pili nilimchotea maji ya kutawadha. Kuinama kulimtia kizunguzungu, kwa hiyo nilimmiminia mwenyewe kwa kata. Alinawa viganja, akasukutua, akanawa uso, akanawa mikono mpaka viwikoni. Ilipofika zamu ya kichwa hakukivua kilemba. Aliingiza kidole kibichi chini ya ukingo wake, juu kidogo ya sikio, akapaka pale mahali padogo pasipozidi ukucha, akaendelea na masikio. Nilikuwa nimemmiminia hivyo kwa miezi na sikuwahi kulifikiri.

Kata ikabaki hewani mkononi mwangu. "Baba, umepaka wapi?"

"Hapa."

"Na inatosha?"

"Inatosha. Unauliza nini? Kwa Shafii sehemu yoyote ya kichwa inatosha, hata unywele mmoja. Nilikusomesha mwenyewe."

"Na unywele wenyewe huna."

"Ngozi yake inatosha."

"Basi kitambaa cha Bwana Mganga, kikikaa utosini, kitafika hapo ulipopaka?"

Alitazama miguu yake, ambayo ilikuwa inangoja maji. Nilielewa pale kwamba hukumu aliyotusomea jana yake kwa daktari ilikuwa kweli, ila haikumhusu. Angeweza kufungwa akiwa na udhu, akiwa hana, akiwa amelala, akiwa anaota. Akiamka angepaka juu ya sikio lake kama alivyofanya miezi yote ile, na sala yake isingekuwa na doa. Alijua hivyo kuliko mimi.

"Nilikusomesha kupita kiasi," akasema mwishowe.

Nikammiminia maji miguuni kwanza, maana udhu hauachwi njiani. Kisha nikakaa chini mbele yake. Baba akaanza kunieleza habari za babu yangu, ambazo hajapata kunieleza. Babu alisali isha akalala, na asubuhi baba akamkuta amekwisha kupoa. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Hakuna aliyesikia neno lake la mwisho, kama alitamka shahada au hakutamka.

"Mimi ndiye niliyemwosha," baba akasema. "Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Mpaka leo najiuliza alikuwa anataka kusema nini."

Akajikung'uta maji miguuni, kisha akaendelea.

"Kufa si neno, mwanangu. Lakini nife ulimi wangu ninao. Huyu Mdachi anataka kunichukua ulimi kwanza, ndipo anikate."

"Mbona kila siku unalala?"

"Usingizi wa Mungu naujua njia yake, nimeuzoea. Huu wa chupa siujui unakopita."

Sijui kwa nini hasira yangu iliondoka pale. Labda kwa sababu nilikuwa nimemzoea baba mwenye hoja, na huyu hakuwa na hoja, alikuwa na hofu tu, kama mimi. Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyopata kumpenda, na nilitaka kumwambia, nikaona haya. Badala yake nikamuuliza: nikikaa naye mpaka usingizi umchukue, nikimlakinia shahada, yaani nikimtajia sikioni aifuate, akawa anaisema mpaka mwisho, je, atakubali?

"Unilakinie kama mtu anayekata roho?"

"Kama mtu anayeogopa," nikasema.

Akacheka, akafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Mwulize Mdachi wako kama anakubali," akasema.

Nilikwenda na Ami, nikaongea mimi. Daktari alisema jamaa za mgonjwa hawaingii, hasa wanawake, kwa sababu huzimia, na yeye hana mikono ya kuokota watu. Nikamwambia mimi sizimii, nimezaa na nimezika. Akauliza ninataka nini humo ndani. Nikamweleza, kadiri nilivyoweza, kwamba kwetu neno la mwisho la mtu ndilo analokwenda nalo, na baba yangu haogopi kisu, anaogopa kwenda bila neno lake.

Daktari akavua ile kofia yake kwa mara ya kwanza, akajipapasa kichwa. Akasema yeye huwaambia wagonjwa wahesabu kwa sauti wanapovuta dawa, moja, mbili, tatu, mpaka hesabu inapotea; hivyo ndivyo anavyojua kwamba wamelala. Mzee na aseme maneno yake badala ya hesabu, kwake ni mamoja.

"Kwetu hesabu hiyo inaishia moja," nikamwambia.

Alifikiri kidogo, kisha akacheka. Akasema nikae mpaka mzee alale, halafu nitoke bila kuambiwa mara ya pili.

Asubuhi yake baba alitawadha, ingawa hakuwa na haja, akasali rakaa mbili, akapanda juu ya meza iliyotandikwa shuka nyeupe. Kilemba na kofia nilivishika mimi. Nilikuwa sijaliona donda lile kwenye mwangaza wa dirisha kubwa namna ile. Lilikuwa kama bibo la mkorosho lililopondwa, jekundu, bichi, na katikati yake palikuwa na rangi ya kijivu ambayo nilifahamu ni nini nikaacha kutazama. Nikapiga magoti, nikaweka mdomo sikioni pake. Kitambaa kikawekwa juu ya pua yake, matone yakaanza kudondoshwa, na harufu tamu ya kuchefua ikajaa chumbani.

"La ilaha illallah," nikasema.

"La ilaha illallah," baba akasema, kwa sauti yake ya barazani.

Tukaendelea. Mimi nasema, yeye anasema. Mwanzo alinitangulia, kama kwamba ananisahihisha matamshi. Kisha akawa sawa nami. Kisha akaanza kubaki nyuma, na ulimi wake ukawa mzito, na herufi zikawa zinagusana. Daktari alikuwa anamwangalia macho. Nikasema yangu, nikangoja yake. Ikaja kwa mbali sana, "La ilaha..." na hapo pumzi ikatoka, na nyingine ikaingia na kutoka bila neno ndani yake.

Aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza. Maneno yale yana nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kwamba hapana mola. Nusu ya pili ni kwamba ila Mwenyezi Mungu. Mtu akiishia kwenye ya kwanza, amekana kila kitu na hajakubali chochote. Katika miaka yote ya kusomesha, baba hakumruhusu mtoto hata mmoja avute pumzi hapo katikati. Aliyevuta alirudishwa mwanzo.

"Illallah," nikamalizia mimi, ndani ya sikio lake. "Illallah, Baba. Illallah."

Daktari akaniashiria mlango. Nilitoka na kofia ya baba kifuani.

Ami alikuwa barazani. Nilikaa karibu naye kuliko inavyofaa. Nilijua jambo moja tu: kama baba akifia kwenye meza ile, amekufa na nusu, na ni mimi niliyempeleka. Nilimwambia Ami alipoishia. Nilitaka mtu mwingine awe anajua. Ami, ambaye kwa kila jambo alikuwa na la kusema, alizungusha pete yake kidoleni.

"Mungu anajua alikokuwa anakwenda," akasema mwishowe. "Hata sisi tunajua."

Yalikuwa maneno mazuri, lakini hayakunitosha. Nilisikia kitu kinakwangua ndani, kama mbuzi ya kukunia nazi, nikaziba masikio. Jua likapanda, likatufuata barazani, tukasogea. Hatimaye daktari akatoka, mikono yake imeshaoshwa, shati limelowa mgongo mzima. Akasema limetoka lote. Mfupa umeliwa kidogo kwa juu, chini yake ni mzima. Akasema tungoje aamke, kama ataamka vizuri.

Kichwa cha baba kilikuwa kimefungwa kitambaa kikubwa, lakini juu ya sikio la kulia ngozi ilikuwa wazi. Sijui daktari alifanya hivyo kwa kukusudia au ndivyo wanavyofunga. Sikumuuliza, na niliamua mwenyewe kwamba alikusudia. Baba alikuwa na rangi ya majivu. Alitapika kabla hajafumbua macho, nikamshika bega. Kisha akafumbua, akanitafuta, akaniona.

"Niliishia wapi?"

Ningeweza kumwambia alimaliza. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na nani angenisuta? Lakini nilimtazama nikaona kwamba ananiuliza kama anavyouliza barazani, na barazani kwetu haikujuzu kumdanganya.

"Kwenye hapana mola, Baba."

Alifumba macho. Midomo ikamcheza. Nilidhani ataanza upya, kama alivyowaanzisha watoto siku zote. Hakuanza upya.

"Illallah," akasema.

Akakaa hivyo, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni, nami nikiyafuta yasilowanishe kitambaa. Kisha akaomba maji, na akasema Ami aambiwe kwamba paja linauma kuliko kichwa.

Meli ikaja, daktari akaondoka, na sisi tukabaki na kazi ya kufungua na kufunga, kama alivyotuonyesha, mimi na Ami, kwa maji yaliyochemshwa. Ngozi ya paja ilishika karibu yote. Upande mmoja ulikataa, pakachukua muda mrefu kujifunga penyewe, na palipofunga pakawa bonde jembamba linalong'aa. Baba alirudi barazani, watoto wakarudi karibu, na kofia akaivaa hata uwanjani pa mbata, ikikaa upande kidogo kwa sababu ya bonde lile. Alimwambia kila mtu kwamba ngozi ile ni ya paja. Alijivunia kila jambo, mtu yule.

Aliishi mpaka Wadachi wakaondolewa na Waingereza wakaingia. Hakuuawa na kaa. Ilikuwa homa ya kifua, nyumbani kwake, kitandani kwake, mchana. Tulipoona hali imebadilika nilimwinamia nimlakinie. Akainua kidole, nikanyamaza. Akaisema mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, bila kuvuta pumzi katikati.

Ada yetu ni kwamba mgonjwa akishaitamka hasemeshwi tena, ili hilo libaki neno lake la mwisho. Akisema jingine lolote, inabidi aanzishwe upya. Baba alilijua hilo kuliko sote, akafunga mdomo. Ami aliingia, naye amekwisha kuwa mzee wa kutembelea fimbo, akakaa ukingoni mwa kitanda. Labda alisahau ada, labda hakuweza kujizuia. Akamwambia kwamba waoshaji watapata tabu kumwosha mtu mwenye mapaja matatu. Baba alitabasamu na hakujibu. Maisha yake yote alikuwa hajamwachia Ami neno la mwisho.

Alasiri ikapita. Midomo yake ilikauka mpaka ikapasuka. Mimi sheria naijua, alinisomesha yeye, lakini joto lilikuwa kali na alikuwa baba yangu, nikamuuliza kama anataka maji. Akatikisa kichwa kukataa, mdomo ameufumba.